Jiwe Moja la Kupigiwa Makofi

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Kama una sufuria jikoni, punguza moto. Kama uko kazini, weka chini kidogo hicho ulichoshika. Leo tunamkumbuka fundi wa kuchonga maandishi kwenye mawe. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na miaka sitini na minane. Watu walimwita Mzee Tindo. Tindo ni ile patasi ya chuma ya kukatia mawe, na jina hilo alilipata kwa sababu hakutoka bila tindo, hata siku ya harusi yake ilikuwa mfukoni mwa koti. Mkewe anaapa kwamba ni kweli, na anasema ilitoboa koti la kuazima.

Mnanijua, mdomo wangu haukai, utani kwangu ni kama chai. Leo nitajitahidi niupunguze. Kipindi cha leo kinanihusu na mimi, tena vibaya. Mtafika wenyewe huko mbele.

Basi tuanze mwanzo. Mzee Tindo alianza maisha akiandika mabango ya maduka kwa brashi na rangi. "Mauzo ya jumla na rejareja", "Hakuna mkopo", mambo hayo. Mvua moja, herufi zinachuruzika. Akiwa na miaka ishirini na moja akasema amechoka kuandika kitu kile kile kila mwaka, anataka kuandika mara moja tu. Akahamia kwenye mawe. Karakana yake ilikuwa nyuma ya fundi wa kuchomelea vyuma, chumba kimoja, dirisha halina kioo, meza ya mbao nene imejaa makovu. Ukutani ametundika kipande cha gunia lenye maji ili likamate vumbi. Halikukamata vumbi la kutosha, wasikilizaji wapendwa. Hilo nalo tutalifikia.

Kwa miaka arobaini na zaidi alichonga mawe ya makaburi. Narudia: mawe ya makaburi. Jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufariki, na maneno mawili matatu ya familia. Kazi yake ilikuwa safi. Akimaliza herufi alifumba macho na kuipitia kwa kidole, kama anamsafisha mtoto tongo. Kidole kikikwama, anaanza upya. Wateja walimlaumu kwa kuchelewa, naye aliwajibu, "Mwenyewe hana haraka." Ndugu wa marehemu walikuwa wakicheka hapo hapo, machozi hayajakauka.

Miaka miwili iliyopita nilimtembelea nyumbani na kurekodi naye mazungumzo. Ninayo sauti yake hapa, ila leo nitawasomea tu. Nilimuuliza, mzee, katika maisha haya umebakiza nini? Alijibu hivi: "Mwanangu, mawe yangu yote yanasomwa na watu wanaolia. Hakuna hata moja lililowahi kumfurahisha mtu. Nataka jiwe moja tu. Moja. Watu walitazame, walipigie makofi. Nikishapata hilo, hata mimi nitengenezewe langu."

Hicho ndicho alichokitaka. Jiwe moja la kupigiwa makofi. Na alikuwa na sababu ya kulitegemea.

Mnakumbuka makao makuu mapya ya Jumuiya ya nchi zetu? Lile jengo refu, ghorofa tisa, vioo vitupu, lililojengwa mpaka watu wakasahau kwamba linajengwa? Basi, miaka tisa iliyopita Mzee Tindo alipewa kazi ya kuchonga jiwe la ufunguzi. Lile linalowekwa ukutani kwenye ukumbi wa kuingilia na kufunikwa pazia. Kiongozi anavuta kamba, pazia linafunguka, watu wanapiga makofi. Jamani, yule mzee alirudi nyumbani siku hiyo akitembea katikati ya barabara. Mkewe anasema, "Nilidhani amelewa, na yeye hajawahi kuonja."

Akachonga jiwe la kwanza. Jiwe la kijivu, upana wa mlango mdogo. "Jengo hili limefunguliwa rasmi na Mheshimiwa fulani, Mwenyekiti wa Jumuiya, tarehe fulani." Likakamilika. Wiki ya ufunguzi ikafika, lifti hazijafika. Sherehe ikaahirishwa.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Uenyekiti wa Jumuiya ni wa kupokezana. Mwaka huu nchi hii, mwaka ujao nchi ile. Sherehe ikiahirishwa kupita mwaka, mwenyekiti si yule tena. Na mwenyekiti akibadilika, jiwe halifai tena. Jina lililokatwa kwenye jiwe halifutiki kwa kifutio cha shule.

Akachonga la pili. Nchi mbili wanachama zikanuniana kwa sababu ya mpaka, sherehe ikafa. Akachonga la tatu. Uchaguzi ukaingia, mwenyekiti akashindwa kwao. Akachonga la nne. Mvua ikapita paa la ukumbi, dari likaanguka. Mawe manne, wenyeviti wanne, pazia halijavutwa hata mara moja.

Na yale mawe yalienda wapi? Nyumbani kwake. Nilipomtembelea alinikaribisha kwenye benchi la jiwe nje ya mlango. Nikakaa. Nikauliza, jiwe zuri hili, umelipata wapi? Mkewe akacheka mpaka akashika ukuta. "Umemkalia mheshimiwa!" Nikaruka. "Kaa tu, mwanangu," akaniambia, "huyo muhula wake umeisha." Mwingine walikuwa wanafulia nguo juu yake. Mwingine jikoni, anakatiwa vitunguu. Wa nne alikuwa kizingiti cha mlango wa nyuma. Wote wamelazwa kifudifudi, maandishi chini. Mzee Tindo alisema kiongozi humkanyagi usoni, hiyo ni adabu.

Tulicheka sana siku ile. Lakini alipocheka alikohoa, na alipokohoa hakuacha haraka. Mkewe aliacha kucheka kabla yake. Vumbi la mawe, wasikilizaji wapendwa. Miaka arobaini na zaidi ya vumbi la mawe ndani ya mapafu ya mtu mmoja. Daktari alimwambia aache kabisa. Alimwonyesha picha ya kifua chake. Mzee Tindo akaitazama picha ile, akasema, "Kumbe na humu ndani nimechonga."

Mwaka huu, mwanzoni, simu ikapigwa. Jiwe la tano. Safari hii sherehe ipo, kadi za mwaliko zimechapishwa, lifti zinapanda na kushuka. Mkewe akamsihi akatae. Binti yao wa pekee, ambaye naye ni fundi wa mawe, alijifunza kwa baba yake, akamwambia, "Baba, niachie mimi." Wakaelewana nusu kwa nusu. Binti alikata jiwe na kulisawazisha. Herufi akachonga baba, kitambaa puani, herufi tano kwa siku, siku nyingine tatu. Akimaliza analala sakafuni pale pale mpaka pumzi irudi. Ilimchukua wiki saba. Jiwe likabebwa likapelekwa kwenye jengo. Siku ya nne baadaye yeye akabebwa akapelekwa hospitali.

Akawekwa kwenye oksijeni. Wodi ya vitanda kumi na viwili, na wote kumi na mmoja waliobaki walijua habari za jiwe. Aliwasimulia kwa awamu, kadiri pumzi ilivyomruhusu. "Ijumaa," alikuwa akisema. "Ijumaa mtasikia."

Sasa tumefika kwangu.

Jumatano, siku mbili kabla ya ufunguzi, binti alikwenda kwenye jengo kuhakikisha jiwe limekaa sawa ukutani. Hakulikuta. Kwenye ukumbi wa kuingilia, pale pale palipopimwa kwa ajili ya jiwe, pamefungwa kioo kikubwa cha umeme, skrini, kama televisheni. Akauliza. Afisa wa itifaki, kijana mpole tu, akamweleza bila ubaya: kioo kinabadilishwa maandishi wakati wowote, mwenyekiti akibadilika hakuna hasara, yaliyotokea mara nne hayatatokea tena. Ukimsikiliza, ana hoja. Binti akauliza, na jiwe? Wakamwonyesha. Liko chini ya ngazi za nyuma, karibu na jenereta, limeegemezwa, uso umeelekea ukutani.

Hakuna aliyekuwa amemwambia Mzee Tindo. Hakuna hata simu.

Alhamisi asubuhi mkewe alikuja hapa kituoni. Alikaa pale mapokezi na mwavuli wake magotini mpaka nilipotoka studio. Akaniuliza, "Mwanangu, ni wewe utakayetangaza kesho?" Nikamwambia ndiyo, moja kwa moja kutoka ukumbini. Akanieleza yote: kioo, ngazi, jenereta. Halafu akasema, "Amewekewa redio kitandani. Daktari anasema ni siku chache. Kesho ukifika pale kwenye pazia, sema jiwe. Neno moja tu. Sema jiwe."

Nimefanya kazi hii miaka ishirini na miwili. Jambo la kwanza nililofundishwa ni kwamba msikilizaji hana macho, macho yake ni wewe. Usimwonyeshe kisichokuwepo. Nikamtazama yule mama, na ule mwavuli. Nikasema, sawa mama. Nitasema.

Ijumaa ikafika. Bendera, viti vyenye vitambaa, hotuba juu ya hotuba, bendi ikakosea wimbo mmoja ikaurudia. Nilikuwa nimesimama kando na kipaza sauti changu. Mwenyekiti akashika kamba, akavuta. Pazia likafunguka. Kioo kikawaka, maandishi ya dhahabu yakaanza kucheza. Nami nikasema, kupitia redio hii hii, "Na sasa, wasikilizaji wapendwa, jiwe linaonekana!"

Ningeishia hapo. Mama aliomba neno moja. Lakini nilinogewa. Nikatia chumvi. Nikasema jiwe la kijivu, herufi zimekaa kama zimeota zenyewe, kazi ya mkono, kazi ya fundi wa kweli. Fundi mitambo wangu alinigeukia akanikodolea macho. Makofi yakalipuka ukumbini. Na mimi, kwa mazoea ya kazi, nikasoma maandishi yote yaliyokuwa kwenye kioo, kama vile nayasoma kwenye jiwe. Jengo, mheshimiwa, cheo, mpaka tarehe. Nikaisoma na tarehe.

Kule wodini wakashangilia. Binti ndiye aliyenisimulia. Mwenye mguu uliofungwa alipiga makofi, mwenye dripu alipiga paja kwa mkono mmoja, muuguzi akaweka chini trei yake akapiga makofi. Mzee Tindo aliinua mkono kidogo, kama mtu anayesema inatosha. Mkewe akalia kwa furaha, akatoka kwenye korido kuwapigia ndugu simu. Nyumbani kwangu jioni nilijisikia mtu mwema. Nisiwafiche, nilijisifu.

Siku nne baadaye, Jumanne, akaaga dunia. Alhamisi tukamzika. Nilikuwepo. Mkewe alinishika mikono yote miwili akasema, "Umempa alichotaka. Amekwenda ametulia." Nami nikakubali shukrani hiyo.

Jumamosi binti akaja hapa. Hakukaa. Akasimama mlangoni akasema, "Nimekuja kukwambia jambo, si kukulaumu. Baba alijua."

Nikamwuliza, alijuaje?

Akaniuliza swali moja tu: "Tarehe uliisoma wapi?"

Wasikilizaji wapendwa, jiwe la tano halikuwa na tarehe. Baada ya jiwe la kwanza kuharibika, Mzee Tindo hakuchonga tena tarehe kabla ya siku yenyewe. Aliacha nafasi tupu. Alikuwa amepanga aende asubuhi ya ufunguzi, jiwe likiwa ukutani, amalizie pale pale kwa tindo yake. Alipougua hakumwagiza mtu yeyote, kwa sababu alikuwa bado anaamini atapata nafuu ya kutosha kwenda mwenyewe. Na jambo hili nilipaswa kulijua. Nilirudi kwenye ile rekodi ya miaka miwili iliyopita, nikaisikiliza yote. Lipo. Ananieleza kwa kituo, neno kwa neno: "Mimi tarehe siiamini mpaka niione." Nililikata mwenyewe, kwa mkono huu, ili tangazo la sabuni lipate nafasi.

Kwa hiyo sikilizeni kilichotokea wodini, mkewe alipotoka kwenye korido. Mzee Tindo alimwita binti yake karibu. Akauliza polepole, kwa pumzi ile ya kuokoteza, "Tarehe nani amechonga?"

Binti akasema, "Mimi, baba. Nilikwenda asubuhi."

Akauchukua mkono wa binti yake, akaugeuza, akapitisha kidole gumba juu ya kucha, moja moja. Fundi wa mawe anajua vumbi la mawe linavyokaa kwenye kucha. Halitoki kwa kuosha mara moja. Akasema, "Basi umenawa vizuri." Kisha akasema, "Mama yako amefurahi. Tumwache hivyo hivyo."

Wakamwacha hivyo hivyo. Siku nne. Mama akiingia anaulizwa, na ndugu wamesemaje? Naye anasimulia: wamefurahi, wamesikia wote, jirani amelia. Mzee anatikisa kichwa, anatabasamu. Mama anatabasamu. Binti amekaa katikati yao anatazama shuka.

Binti aliniuliza afanye nini, amwambie mama au asimwambie. Mimi ni nani wa kumshauri mtu kuhusu ukweli? Nilimwambia sijui. Jumapili akamwambia.

Jana nilikwenda nyumbani kwao. Nilikaa kwenye lile benchi. Mama hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema maneno haya, na nimeyaandika kama alivyoyasema: "Kwa hiyo siku nne nzima alikuwa ananitazama ninavyomdanganya. Na ananicheka kwa mapenzi. Mimi nilidhani namhurumia, kumbe nimemwacha peke yake na hilo jambo. Amekufa nalo peke yake, mimi nikiwa nimekaa hapo hapo kitandani. Tungelia wote. Ningemwambia, mume wangu, wamelitupa jiwe lako. Angewatukana kidogo, nami ningewatukana, tukalia, tukanyamaza. Miaka thelathini na sita tumelia pamoja kila kitu. Hiki kimoja tu ndicho tumelia kila mtu kwake."

Wasikilizaji wapendwa, mimi sina la kuongeza hapo. Nina masahihisho tu, na nayatoa rasmi. Siku ya ufunguzi wa makao makuu mapya ya Jumuiya, nilitangaza kupitia redio hii kwamba jiwe limefunuliwa. Si kweli. Narudia: si kweli. Kilichofunuliwa ni kioo. Jiwe liko chini ya ngazi za nyuma, karibu na jenereta, uso umeelekea ukutani, na mpaka nilipoingia studio asubuhi hii lilikuwa bado hapo hapo. Makofi mliyoyasikia hayakuwa yake. Naomba radhi kwenu, na naomba radhi kwake, ingawa nimechelewa.

Kwa familia ya Mzee Tindo, mkewe, binti yake na ndugu wote, sisi wa kituo hiki tunawapa pole. Mungu amlaze mahali pema, amwondolee lile vumbi kifuani. Na wewe unayenisikiliza, huenda kuna mgonjwa chumba cha pili, na kuna habari mmekubaliana asiambiwe. Sikuamrishi kitu. Nakuomba tu ujiulize, je, yeye hajui? Na kama anajua, yuko na nani huko alipo na habari hiyo?

Mama yupo hapa studio, amekaa mbele yangu. Alikubali haya yote yasemwe, na aliomba jambo moja: apewe kipaza sauti mwishoni, azungumze na mumewe na si na sisi. Ile redio aliyomwekea kitandani hospitalini sasa iko mezani kwake nyumbani, hajaizima tangu siku ile, anasema labda huko nako wanasikia. Karibu, mama. Sogea kidogo. Hapo hapo.

"Mzee wangu, ni mimi. Jiwe hawakuliweka. Nilijua tangu Jumatano. Pole sana, mume wangu."